Shajara ya mradi: nakala rudufu za mashine pepe zinazotangazwa kuwa zimeshindikana ilhali faili zipo

Juma la kwanza, Jumatatu

Ghala letu la dawa, lililoko komine ya Kampemba mjini Lubumbashi, linaendesha kazi zake zote za ofisini kwenye seva moja ya Linux yenye KVM, sehemu ya Linux inayoiwezesha kompyuta moja kuendesha ndani yake kompyuta za kuigizwa, yaani mashine pepe. Ndani ya seva hiyo kuna mashine pepe nne: ya majina na anwani za mtandao, ya faili za pamoja, ya hisa za ghala, na ya hesabu. Kila usiku, kuanzia saa sita na robo, mashine hizo hunakiliwa moja baada ya nyingine, kwa mpangilio huohuo, kwenye hifadhi ya mtandao, yaani NAS, kwa njia ya NFS, itifaki ya kushirikisha saraka kupitia mtandao. Tangu NAS ya zamani ilipoondolewa na mpya kuwekwa mahali pake, barua pepe ya asubuhi imekuwa ikitangaza IMESHINDIKANA kwa mashine zote nne, ingawa anayefungua saraka za NAS anazikuta faili zote zipo, zina jina lenye tarehe ya usiku uliopita, na ukubwa wake hautii shaka.

Mama mhasibu ameniuliza swali ambalo nimeamua liwe ndilo swali la mradi: «Papa, hii barua nyekundu ya kila asubuhi, tuiamini ao tuiamini saraka?» Jibu la haraka, ambalo wengi wangelitoa, ni kuiamini saraka na kuinyamazisha barua. Sitafanya hivyo kabla ya kujua kila neno la barua hiyo linatoka wapi, kwa sababu faili kuwepo ni jambo moja, na faili kuwa na kazi ya jana ni jambo lingine.

Jambo la kwanza la kuandika hapa ni kwamba watoa habari ni wawili, na hawasemi kitu kimoja. Skripti ya bash, yaani orodha ya amri zinazotekelezwa zenyewe, iliyoko kwenye seva inatuma barua yake kwa kutazama namba ambayo kila amri inairudisha inapomaliza kazi: sifuri ni heri, chochote kingine ni kushindwa. NAS nayo ina kikaguzi chake kidogo, kilichopangwa kufanya kazi saa kumi na mbili asubuhi, ambacho hutafuta katika saraka ya kila mashine faili iliyobadilishwa tangu saa sita usiku ya siku hiyo. Skripti inasema zote nne zimeshindikana. Kikaguzi kinasema tatu zimeshindikana, na kwamba ya hisa, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, iko sawa. Kama tatizo lingekuwa mtandao dhaifu au diski iliyochoka, ningetazamia kubwa ndiyo ianguke na ndogo zipone, lakini hapa mambo yamegeuka.

Jumanne

Nimesoma logi, yaani kumbukumbu za utendaji, za skripti za majuma yaliyopita. Hatua zake ni hizi: kuiomba programu wakala iliyo ndani ya mashine pepe itulize mifumo ya faili kwa muda mfupi, kuunda tabaka jipya la diski juu ya faili ya msingi kwa `virsh snapshot-create-as` (virsh ndiyo amri ya kusimamia mashine pepe), ili maandishi mapya yaende kwenye tabaka na faili ya msingi ibaki bila kuguswa, kuinakili faili ya msingi kwenda NAS kwa rsync, programu ya kunakili faili, kuliunganisha tabaka tena na faili ya msingi kwa `virsh blockcommit`, na mwishoni kufuta nakala zilizozeeka.

Karibu kila usiku, rsync imerudisha namba 23. Katika maelezo ya rsync, namba hiyo ina maana kwamba baadhi ya faili, au baadhi ya sifa za faili, hazikuhamishwa. Neno «au» hapo ndilo lenye uzito, kwa sababu faili inaweza kuwa imefika nzima, hadi baiti ya mwisho, na kilichokosekana kikawa ni jina la mwenye faili tu. Mistari iliyotangulia namba hiyo inathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa: rsync ilijaribu `chown`, yaani kubadilisha mwenye faili, ikajibiwa kwamba haina ruhusa.

Kuna jambo dogo katika mistari hiyo ambalo limewapoteza watu waliowahi kuzisoma logi hizi kabla yangu. rsync huandika kwanza kwenye faili ya muda, yenye jina linaloanza kwa nukta na kumalizikia na herufi za kubahatisha, kisha huibadilisha jina ikiwa tayari. Malalamiko ya `chown` hutolewa wakati faili bado ina jina lile la muda. Mtu anayekwenda asubuhi kuitafuta faili iliyotajwa kwenye logi haioni popote, na anaondoka akiamini kwamba data imepotea, kumbe ipo palepale kwa jina lake la kudumu.

Chanzo chenyewe kiko kwenye NAS. Katika NFS ya Linux, saraka inayoshirikishwa bila maelezo mengine hufuata kanuni ya `root_squash`: mtumiaji mkuu wa kompyuta ya mbali hageuki kuwa mtumiaji mkuu wa NAS, bali hushushwa hadhi na kuwa mtumiaji asiye na jina, ambaye kwa kawaida ana namba 65534. Mtumiaji huyo anaweza kuunda faili na kuiandika, lakini hawezi kuikabidhi kwa mwenye mwingine. NAS ya zamani ilikuwa imewekewa `no_root_squash`. Mpya ina kanuni ya kawaida. Amri ni ileile, `rsync -a`, ambayo ndani yake kuna agizo la kuhifadhi mwenye faili na kundi lake, na agizo hilo halitekelezeki tena. Anayetumia `cp -p` akiwa mtumiaji mkuu angepata malalamiko ya namna hiyohiyo.

Jumatano

Kueleza kwa nini barua inasema uongo hakutoshi kuthibitisha kwamba faili ni nzima, kwa hiyo leo nimelinganisha cheksamu za sha256, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili nzima na kubadilika faili ikibadilika. Ulinganishaji huu una dirisha lake: ni lazima ufanyike wakati tabaka bado lipo juu na faili ya msingi imetulia, kwa sababu mara tu tabaka linapounganishwa, faili ya msingi inabadilika na haitafanana tena na nakala, hata kama nakala ilikuwa kamili. Nimeisimamisha skripti kwa muda kati ya hatua ya kunakili na ile ya kuunganisha, nikahesabu cheksamu upande wa seva, kisha nikaingia kwenye NAS kwa ssh na kuhesabu hukohuko. Kuihesabu ya nakala kwa kusoma kupitia saraka iliyopachikwa kwenye seva si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kukurudishia kurasa ilizozishika bado kwenye kumbukumbu yake, na hapo unakuwa umeipima seva dhidi ya seva.

Cheksamu za mashine zote nne zimelingana.

Kuhusu ukubwa wa faili, ninaandika tahadhari moja kwa atakayeendelea na kazi hii. Mtu akilinganisha kwa `du`, amri inayopima nafasi ambayo faili inachukua kwenye diski, ataona tofauti kubwa na atashtuka bure. Faili za diski pepe zina mashimo, yaani sehemu zisizowahi kuandikwa, na mashimo hayo hayachukui nafasi upande mmoja ilhali upande wa pili yanaweza kujazwa sifuri, tena NAS inaweza kubana data yenyewe. Kwa sababu hiyo sitaki ukaguzi wowote wa mradi huu utegemee `du`.

Alhamisi

Njia za kuondoa namba 23 ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha `no_root_squash` kwenye NAS, nayo ndiyo inayopendekezwa mara nyingi kwa kuwa ni badiliko la neno moja. Nimeikataa. Kanuni hiyo ikiwekwa, yeyote atakayefanikiwa kuwa mtumiaji mkuu kwenye seva, pamoja na programu haribifu inayofunga faili ili kudai fidia, anakuwa na mamlaka yote juu ya saraka nzima ya nakala, na nakala tunazitunza kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ya pili ni kuiambia rsync isijishughulishe na mwenye faili wala kundi lake, kwa kuongeza `--no-owner --no-group`. Je, tunapoteza kitu? Hapana, kwa sababu libvirt, programu iliyo nyuma ya virsh, inapoiwasha mashine pepe, hubadilisha yenyewe mwenye faili ya diski ili QEMU, inayoiendesha mashine hiyo, iweze kuisoma, isipokuwa mtu awe ameizima tabia hiyo kwenye mipangilio yake. Sifa ambayo rsync ilikuwa ikiililia kila usiku ni sifa ambayo hakuna mtu angeihitaji siku ya kurejesha.

Nimeliweka badiliko kwenye mashine ya majina peke yake, nikaendesha skripti mchana: sifuri. Hatua zilizokuwa zikirukwa zimetekelezwa nazo pia. Skripti ina `set -e`, yaani inasimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo tangu NAS ibadilishwe hatua ya kufuta nakala zilizozeeka ilikuwa haifikiwi kamwe. NAS imejaa asilimia 93, na tungefika mwisho wa nafasi kwa sababu ya `chown` isiyo na maana. Kuunganisha tabaka kumenusurika kwa kuwa kumewekwa ndani ya `trap`, ambayo hutekelezwa skripti inapotoka, hata ikitoka kwa kosa. Nilitaka kuendelea na mashine nyingine tatu leo hii, lakini kikaguzi cha NAS bado hakijaelezeka na sipendi kubadilisha vitu viwili kwa pamoja.

Ijumaa

Barua ya kikaguzi, kinachotakiwa kufanya kazi saa kumi na mbili, huwa inaingia saa moja. NAS imewekwa kwenye ukanda wa saa wa Africa/Kinshasa, na seva iko kwenye Africa/Lubumbashi. Nchi yetu ina kanda mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa, Lubumbashi saa mbili. Katika hazina ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, majina hayo mawili ni viunganishi tu, la kwanza likielekea Africa/Lagos na la pili Africa/Maputo, nayo hayatofautiani kwa kitu kingine chochote kinachotuhusu, kwa kuwa sisi hatusogezi saa kwa majira ya mwaka. Anayeweka kifaa kipya huona orodha, hutafuta nchi yake, na huchagua mji mkuu.

Sasa mpangilio uliogeuka unaeleweka. `rsync -a` huhifadhi pia wakati wa mwisho wa kubadilishwa kwa faili, na wakati huo ni ule ambapo tabaka liliundwa na faili ya msingi ikaacha kuandikwa, si ule ambapo kunakili kulimalizika. Mashine ya majina inatulizwa saa sita na robo usiku, ya faili za pamoja dakika chache baadaye, nayo huchukua muda mrefu kunakiliwa, hivyo zamu ya hisa huja baada ya saa saba. Kwa NAS, faili mbili za kwanza ni za jana, saa tano na dakika kadhaa za usiku, na kikaguzi kinachotafuta faili iliyobadilishwa tangu saa sita usiku hakizioni. Ya hisa inavuka mpaka huo na kupita.

Nimebadilisha ukanda wa NAS. Hilo ni dawa ya juu juu, kwani kikaguzi kinachohukumu kwa siku ya kalenda kitakosea tena siku ratiba itakaposogezwa hadi kabla ya saa sita. Nitarudi kwake.

Linalonisumbua ni mashine ya hesabu. Zamu yake ni ya mwisho, baada ya ya hisa, mbali kabisa na mpaka wa saa sita wa upande wowote. Kwa maelezo ya leo ilipaswa kupita. Kikaguzi kinaikataa kila siku.

Jumamosi

Nimeorodhesha saraka ya hesabu kwenye NAS. Majina ya faili yana tarehe tofauti za usiku tofauti, lakini wakati wa kubadilishwa ni mmoja kwa faili zote, nao ni usiku wa kwanza baada ya NAS mpya kuwekwa. Nimehesabu sha256 za nakala tatu za usiku tofauti, na zote zimetoka sawa. Mashine iliyo hai, inayoandika hata logi zake tu, haiwezi kutoa diski mbili zinazofanana kwa usiku mbili.

`virsh domblklist` imeonyesha lililobaki. Diski ambayo mashine ya hesabu inaiandikia sasa si faili ya msingi, ni tabaka la jana, na `qemu-img info --backing-chain -U` inaonyesha kwamba chini ya tabaka hilo kuna la juzi, na chini yake la usiku uliotangulia, mlolongo mrefu unaoshuka hadi faili ya msingi. Mashine ya hesabu ina skripti yake ya pekee, iliyoandikwa kabla ya `trap` kuongezwa kwenye ile ya pamoja. Kila usiku skripti hiyo iliunda tabaka jipya, ikainakili faili ya msingi kutoka njia iliyoandikwa ndani yake moja kwa moja, ikapata 23, ikasimama. Tabaka halikuunganishwa. Usiku uliofuata ikainakili faili ileile, ambayo kuanzia usiku wa kwanza haikuwa imeandikwa hata herufi moja.

Basi cheksamu za Jumatano zililingana kwa haki, na bado nakala hazikuwa na kazi ya mama mhasibu. Cheksamu inathibitisha kwamba nakala ni sawa na faili iliyonakiliwa. Haiulizi kama faili hiyo ndiyo diski ya mashine. Na kikaguzi cha NAS, ambacho kwa mashine mbili kilisema uongo kwa sababu ya saa, kwa hii ya tatu kilisema kweli, ingawa kilikuwa kimezoeleka kuwa mwongo.

Ninaandika pia lile ambalo lingetokea kama badiliko la Alhamisi lingewekwa kwenye mashine zote kwa pamoja. Skripti ya hesabu ingepata sifuri, ingeendelea hadi `blockcommit`, na amri hiyo, isipoelekezwa vingine, huunganisha mlolongo wote hadi chini. Usiku mmoja, bila msimamizi, umeme ukiwa wa kubahatisha, majuma yote ya maandishi yangemiminwa ndani ya faili ambayo nakala yake pekee ni ya zamani. Kama ingefaulu, asubuhi kila kitu kingekuwa kijani, na hakuna ambaye angejua kwamba kwa muda huo wote hatukuwa na nakala ya hesabu.

Jumapili

Kazi ya leo imefanyika ofisi ikiwa imefungwa. Mashine ya hesabu imezimwa kwa utaratibu, na mlolongo wote, faili ya msingi pamoja na matabaka yote, umenakiliwa kwenye diski ya nje na cheksamu zake kulinganishwa. Nimehakikisha kwamba diski ya seva ina nafasi ya kutosha kwa faili ya msingi kukua, kwa kuwa data iliyo kwenye matabaka itahamia humo. `qemu-img check` imepita kwenye kila tabaka. Kisha mashine imewashwa, kwa sababu `virsh blockcommit` hufanya kazi kwenye mashine iliyo hai, na amri imetolewa pamoja na `--active --pivot --verbose`. Imechukua muda, imefika mwisho, na `virsh domblklist` sasa inaitaja faili ya msingi. Mama mhasibu amekuja kwa hiari yake kufungua vitabu vya mwezi na kulinganisha salio na karatasi zake. Yamelingana. Matabaka ya zamani sitayafuta kabla ya nakala mpya ya hesabu kurejeshwa na kuonekana ikiwaka.

Skripti ya pekee ya hesabu imeondolewa. Mashine zote nne sasa zinapitia ile ya pamoja. Nimeongeza humo sharti kwamba kabla ya kuunda tabaka, skripti iulize `virsh domblklist` ni faili ipi inayotumika, na kama si faili ya msingi, isimame na kusema hivyo kwa maneno yake.

Juma la pili, Jumanne

Baada ya namba 23 kutoweka, nimerudi kwenye logi za zamani kutafuta kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Kati ya 23 nyingi zimo 11 chache, ambazo ripoti ilizichapa kwa neno lilelile jekundu. Namba 11 katika rsync ni kosa la kusoma au kuandika faili, na usiku wa namna hiyo mashine husika haina faili kabisa kwenye NAS, kwani rsync haikufikia kuibadilisha jina ile ya muda. Hizo zilikuwa kweli.

Logi ya kerneli ya nyakati hizo inasema kwamba seva ya NFS haikujibu na kwamba muda umekwisha. Mstari wa kupachika saraka ya NAS kwenye `/etc/fstab`, faili ya mipangilio ya seva, una `soft,timeo=30,retrans=2`. Aliyeuandika bila shaka alikusudia sekunde 30, lakini `timeo` huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na 30 ni sekunde tatu. Kwa NFS juu ya TCP thamani ya kawaida ni 600, yaani sekunde 60. `soft` nayo ina maana kwamba majaribio yakiisha, kerneli inakata tamaa na kuirudishia programu kosa. NAS mpya imepangwa kulaza diski zake zisipotumika. Jioni ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ombi la kwanza la saa sita na robo linazikuta zimelala, na kuziamsha moja baada ya nyingine kunachukua sekunde nyingi kuliko subira tuliyoipa. Ndiyo maana mwathirika wa kawaida wa namba 11 ni mashine ya majina, iliyo ya kwanza kwenye foleni. Mara nyingine ni katikati ya usiku, jenereta inaposhika zamu na swichi, isiyo na betri, inajiwasha upya.

Nimeweka `hard,timeo=600,retrans=2`. Kwa `hard`, ombi hurudiwa mpaka NAS ijibu, na data haikatwi katikati. Hofu ya siku zote kuhusu `hard` ni kwamba amri inaweza kuning'inia milele. Lakini tangu kerneli 2.6.25 mchakato unaosubiri NFS unaweza kuuawa kwa SIGKILL, ishara ya kuua isiyokatalika, na kazi yetu inaendeshwa na systemd, programu ya Linux inayosimamia kazi za mfumo, ambayo nimeipa kikomo cha muda, baada yake ikiomba kwa SIGTERM na hatimaye kuua. Kulaza diski za NAS nimekuondoa kwa saa za usiku.

Nilipokuwa humo, nimeona saraka inashirikishwa kwa `async`. Kwa mpangilio huo NAS hujibu kwamba imeandika kabla data haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika wakati huo, rsync inakuwa imekwisha kupokea heri yake na ripoti ni ya kijani, na ukaguzi ambao rsync huufanya mwishoni hausaidii, kwa kuwa huthibitisha kilichopokelewa, hauthibitishi kilichokaa kwenye sahani. Nimeweka `sync`. Kunakili kumekuwa kwa taratibu zaidi, na katika mji huu ninaukubali ucheleweshaji huo bila kusita.

Ijumaa ya juma la pili

Ripoti mpya haichapi tena neno moja kwa kila namba. Skripti inaandika karibu na kila nakala faili ndogo ya maelezo: wakati wa kutulizwa kwa mashine kwa UTC, njia ya diski iliyonakiliwa, sha256 ya pande zote mbili, na namba iliyorudishwa na rsync. Kikaguzi cha NAS hakitazami tena tarehe ya faili. Kinasoma maelezo hayo, kinahesabu ni saa ngapi zimepita tangu mashine itulizwe, na kinalinganisha cheksamu na ya usiku uliotangulia. Zikifanana, kinalalamika. Namba 23 inatoka kama onyo pamoja na mstari uliolalamikiwa, na 11 inatoka kama kushindwa. Nafasi iliyobaki kwenye NAS inaandikwa juu kabisa.

Nimeipima kwa makusudi. Nimechomoa kebo ya NAS wakati wa kunakili na kuirudisha baadaye: kazi ilisubiri, ikaendelea, ikamaliza kwa sifuri, na cheksamu zililingana. Nimeielekeza kwenye saraka yenye kikomo kidogo cha nafasi: namba 11, ripoti nyekundu, tabaka likaunganishwa na `trap` kama inavyotakiwa. Nimeacha tabaka juu ya mashine ya majaribio: skripti ilikataa kuanza na ikasema kwa nini.

Jaribio la kurejesha limefanyika kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo. Hesabu na hisa zimewaka zote mbili, na libvirt imewapanga wenye faili bila mimi kugusa `chown`. Kilichokwama ni mtandao: maelezo ya mashine yanataja daraja la mtandao ambalo kompyuta ile haina, na kwenye NAS hapakuwa na nakala ya maelezo hayo, ilibidi yatolewe kwenye seva iliyo hai, ambayo siku ya balaa isingekuwepo. Kuanzia usiku huu maelezo ya kila mashine, yanayotolewa na `virsh dumpxml`, yanawekwa kwenye saraka moja na diski yake, pamoja na faili ya mipangilio ya daraja la seva. Matabaka ya zamani ya hesabu yamefutwa leo jioni, na diski ya nje yenye mlolongo mzima amekabidhiwa mama mhasibu, ameifungia kwenye kabati la vitabu vyake.